Analala Nje Tu

Jumanne, 1 Desemba 1998

Daktari wa watoto amesema niandike saa za kulia na saa za kulala, basi. Wiki mbili, kisha nimpelekee. Kwa hivyo: amelia saa mbili asubuhi hadi saa tatu na nusu. Amelia saa sita hadi saa saba na robo. Amelia kuanzia saa tisa hadi mama yake aliporudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo sikuandika kitu kwa sababu nilikuwa nimelala kwenye kochi na viatu miguuni.

Karatasi za daktari zina mistari ya saa. Hizo nitazijaza kama mwalimu anavyojaza rejista. Daftari hili ni langu, la yale yasiyoingia kwenye mistari.

Cherono ana miezi miwili na siku moja. Daktari anasema si ugonjwa, ni tumbo linamsokota tu, watoto wengi huwa hivyo, litaacha lenyewe akifika miezi minne. Alisema akitabasamu. Yeye haishi na sisi.

Jumatano, 2 Desemba

Leo nimegundua jambo. Nilikuwa natoa taka, mkono mmoja mfuko, mkono wa pili mtoto anayepiga kelele mpaka amekuwa mwekundu. Nilipofungua mlango wa nyuma, upepo ukampiga usoni, akanyamaza papo hapo. Nikamtazama nikidhani ameacha kupumua. Amelala!

Nimesimama kando ya mapipa ya taka dakika arobaini, na kandambili na soksi, kwa sababu nikikanyaga tu kizingiti anaanza tena.

Ijumaa, 4 Desemba

Tumetembea mara tatu. Ndani analia, nje analala. Hakuna hesabu nyingine.

Jumapili, 6 Desemba

Ibada ya Wakenya, kisha chai katika ukumbi wa chini. Cherono alianza kulia wakati wa matangazo, nikamtoa nje, nikazunguka uwanja wa magari mpaka watu wakatoka. Festus akanikuta huko. Festus tulisoma chuo kimoja cha ualimu. Sasa anabeba mizigo kwenye bohari huko Sterling, karibu na uwanja wa ndege, na ana gari.

"Mwalimu!" akapaza sauti mbele ya watu wote. "Kumbe siku hizi wewe ndiye yaya?"

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini mke wangu Jepkosgei naye alicheka, na hicho nimekuja nacho nyumbani.

Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu Kapsabet. Nilifundisha jiografia miaka tisa. Kengele ikilia, wavulana mia tano walikuwa wananyamaza nikitokea tu mlangoni. Nilifika hapa Marekani mwaka jana mwezi wa Novemba kumfuata mke wangu muuguzi, na tangu hapo nangoja kibali cha kazi. Kila siku nafungua sanduku la barua. Kila siku ni matangazo ya pizza.

Jumatano, 9 Desemba

Leo watu watatu. Mama mmoja mzungu kwenye taa za barabarani alinyoosha mkono akamvuta Cherono kofia hadi kwenye nyusi, bila kuniomba. Msichana wa chuo kikuu akaniuliza kama mtoto hasikii baridi. Mzee mmoja nje ya posta akaniambia, "Leo unampumzisha mama, eh?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Ijumaa, 11 Desemba

Mvua. Tumekuwa barabarani kwa saa nne. Kigari cha mtoto kina gurudumu moja linalovuta kushoto, na mimi navuta kulia.

Jumatatu, 14 Desemba

Barua imepitishwa chini ya mlango, kutoka ofisi ya majengo. Wapangaji wamelalamikia kelele za mara kwa mara kutoka nyumba yetu. Ikitokea tena, ofisi italazimika kuangalia upya mkataba wetu.

Wapangaji gani? Juu yetu hakuna mtu. Chini yetu yupo Bi Zaria.

Bi Zaria ni Mmarekani Mweusi, umri wa miaka hamsini na kitu, anafanya kazi maktaba ya chuo kikuu hapa College Park. Alijifunza Kiswahili mwaka wa sabini na moja, darasa la jioni, kwa mwalimu Mtanzania. Tukikutana kwenye ngazi ananisimamisha. "Hujambo, ndugu Elkanah? Je, mtoto wako ana hali gani leo?" Anatamka kila silabi kama msomaji wa taarifa ya habari. Mimi niliyekulia Kinandi nyumbani na Kiswahili sokoni, huwa najiona niko kwenye mtihani.

Kumbe ananisalimia kwa Kiswahili na kunishtaki kwa Kiingereza.

Jumamosi, 19 Desemba

Jepkosgei alikuwa na siku ya mapumziko. Saa tisa nilipoanza kumvisha mtoto, akasimama mlangoni.

"Baba Cherono, unampeleka wapi? Huko nje maji yameganda kwenye ndoo."

"Ninampeleka akalale."

"Mtoto wa miezi miwili na nusu! Atashikwa na kifua, halafu nitawaambia nini watu wa kwetu? Kwamba mimi ni muuguzi?"

"Basi kaa naye wewe. Kaa naye siku moja tu, kuanzia asubuhi, uone."

Alikuwa amevaa yale mavazi ya kulalia saa tisa mchana, na macho yamemvimba, maana wiki hii amefanya shifti mbili mbili katika nyumba ya wazee huko Hyattsville.

"Nikikaa," akasema, "nani ataenda?"

Nikatoka na mtoto. Nilitembea haraka sana. Nilipofika kwenye ziwa la karibu na kwetu nilikuwa bado namjibu, kwa sauti, na mtu aliyekuwa anakimbia na mbwa wake akahama upande wa pili wa njia.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Tumetembea kwa saa mbili. Kila mlango umefungwa, hakuna hata mtu mmoja wa kuniambia habari za kofia.

Jumatatu, 4 Januari 1999

Festus amepiga simu. Bosi wake anatafuta watu wa siku, wa kupakua makontena, siku mbili tatu kwa wiki, hawaulizi karatasi. "Mwalimu, utakaa ndani mpaka lini? Mtoto mpeleke kwa Domina, analea watoto sita pale kwake."

Jepkosgei amesema hapana kabla sijamaliza sentensi. Ukishikwa unafanya kazi bila kibali, hicho kibali hutakiona. Na mtoto haachwi kwa mtu aliye na watoto sita. Amesema akiwa anakunja nepi, bila kuniangalia, kama anavyowaambia wagonjwa wake muda wa kula umefika.

Jumatano, 6 Januari

Nimemvaa Bi Zaria. Nilimkuta kwenye masanduku ya barua, Cherono yuko kifuani ndani ya koti, na barua ya ofisi nilikuwa nayo mfukoni tangu Desemba. Nikamwonyesha.

Nilitegemea atakana. Akaisoma yote, akaikunja.

"Ndugu Elkanah, ninaomba radhi. Mimi ndiye niliyeandika kwa ofisi."

"Ni mtoto mchanga, Bi Zaria. Unataka nimfanyeje?"

"Njoo uone," akasema.

Mlango wake una makufuli matatu, moja juu sana ambako hata mimi nanyoosha mkono. Ndani alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye umbo dogo na nywele nyeupe, kiti chake kimeelekezwa dirishani. Ni mama yake, ana miaka themanini na minane.

"Akili yake haimkumbuki mtu," Bi Zaria akasema polepole, akichagua maneno. "Akimsikia mtoto wako analia, anafikiri ni mtoto wake. Anamtafuta. Anafungua kabati, anatazama chini ya kitanda. Nilimkuta amefungua oveni. Alimtafuta siku nne, halali, na mimi silali. Anamwita Dorothy."

"Dorothy ni nani?"

"Ni mimi. Ni jina langu la zamani."

Cherono akaanza kujinyonganyonga. Yule bibi akageuza kichwa. Nikatoka haraka kabla hajalia.

Tumepatana. Bibi hulala usingizi wake saa nne hadi saa sita, na saa tisa alasiri Bi Zaria humwogesha, maji yanafanya kelele, kwa hivyo saa hizo hamsikii mtoto. Saa nyingine zote nitajitahidi kuwa nje. Amesema atapiga simu ofisini. Nimepanda ngazi nikiwa bado na hasira, ila sikujua niiweke wapi.

Jumatatu, 11 Januari

Matangazo ya pizza.

Jumanne, 12 Januari

Leo nimefanya kazi.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Jepkosgei alipotoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilimfunga mtoto blanketi mbili, nikampeleka kwa Domina, jengo la tatu kutoka letu. Domina ni mama wa Kitanzania, mtu wa Bukoba, mchangamfu. "Jamani Baba Cherono, umemfunga kama mzigo wa basi! Mlete kwa shangazi." Nikamwambia ndani analia, atembezwe kidogo. Akacheka. "Na hawa wengine sita niwaweke wapi?"

Festus alinichukua kwa gari. Nilipakua masanduku mpaka saa kumi. Mgongo unaniuma na mikono imechunika, na naapa sijawahi kufurahi hivyo tangu nitue nchi hii. Niliitwa kwa jina langu. Mtu alinipigia kelele niharakishe, na hata hiyo ilinipendeza.

Nilimchukua Cherono saa kumi na moja. Domina alikuwa amechoka, sura imemshuka. "Baba yangu, huyu amelia tangu ulipofunga mlango. Chupa ameikataa. Nimembeba mgongoni, nimemwimbia, wapi. Samahani, siwezi tena." Sauti ya mtoto ilikuwa imekwisha. Analia, mdomo umefunguka, na kinachotoka ni kama mlango unaokwaruza.

Jepkosgei aliuliza tulishindaje. Nikasema tulitembea.

Alhamisi, 14 Januari

Mvua inanyesha na inaganda inapogusa kitu. Nimechungulia: kila waya, kila jani la nyasi limevishwa kioo. Hatujatoka. Cherono ana kikohozi kidogo, na sauti haijarudi. Jioni taa zimezimika. Jepkosgei amepiga simu kutoka kazini: waliokuwa wachukue zamu hawajafika, amelazimishwa kubaki.

"Mtoto?" akauliza.

"Yuko sawa," nikasema.

Bi Zaria alimhamisha mama yake tangu mchana, kwa kaka yake huko Shaw. Jengo zima limenyamaza.

Jumamosi, 16 Januari

Sasa nina muda wa kuandika yaliyotokea jana.

Kulipokucha nyumba ilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi zetu zilionekana. Hita haifanyi kazi bila umeme. Nilikuwa nimelala na Cherono kifuani, chini ya makoti yetu yote. Alikohoa, akakataa chupa. Nikampa tena, akakataa. Kawaida yeye hulia kwa hasira. Sasa alikuwa anaikodolea macho tu dari. Nilipiga simu kliniki, ikalia bila kujibiwa. Festus akasema barabara ya kutoka Sterling imefungwa na miti. Mabasi hayakuwapo. Nilipopiga kwa Jepkosgei, mtu wa mapokezi akasema wauguzi wote wako vyumbani, niache ujumbe.

Niache ujumbe gani?

Nikamfunga Cherono kifuani kwa leso ya mama yake, nikafunga koti juu yetu wote wawili, na soksi za sufu nikazivaa nje ya viatu. Hiyo niliona mtu akifanya mwaka jana, asiteleze. Kutoka kwetu mpaka Hyattsville ni kama kilomita nne na nusu. Nimetembea safari ndefu zaidi kwa furaha nikiwa mtoto.

Lami haikukanyagika. Nilipita kwenye nyasi, ambako kila hatua inavunja gamba la barafu na mguu unashika. Kriki, kriki, kriki. Hapakuwa na gari. Miti ilikuwa inavunjika pande zote, unasikia mlio kama bunduki, kisha vioo vinamwagika. Nilikuwa namhesabia Cherono milio hiyo. Nilikuwa namwambia majina ya mito ya Kenya, kutoka kaskazini kwenda kusini, nikifika mwisho naanza upya, kwa sababu nikinyamaza nilikuwa namsikia anavyopumua.

Kwenye mteremko wa karibu na reli nilianguka. Miguu ilienda mbele, mimi nikabaki nyuma. Nilijua kitu kimoja tu, mikono isiachie. Nikaangukia kiwiko na mgongo. Nililala pale nikiangalia mawingu, na maumivu yalipopungua nikafungua kifungo kimoja cha koti. Cherono alikuwa ananitazama. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayeuliza tumefika?

Nilitembea kwa saa mbili na robo. Nyumba ya wazee ina jenereta, na joto lilipotupiga mlangoni Cherono akaanza kulia na ile sauti yake ya mkwaruzo, na nilifurahi kuisikia nusura nipige magoti. Mwanamke wa mapokezi akanitazama soksi zilizo juu ya viatu, akachukua simu bila kuuliza.

Jepkosgei alikuja mbio kwenye korido. Sijawahi kumwona kazini. Yunifomu yake ilikuwa na doa la supu begani, na nywele amezifunga kwa raba ya kawaida. Alimlaza Cherono juu ya meza ya mapokezi, akafungua nguo, akaweka kile chombo cha kusikilizia kifuani, mgongoni, tena kifuani. Akamfungua mdomo akamulika na tochi ndogo.

"Kifua ni safi," akasema. "Hiki kikohozi ni koo. Koo limechunika kwa kulia." Kisha akainua macho. "Amelia wapi hivi? Sauti haiishi kwa kulia kwa kawaida. Wewe humwachi alie, wewe humtoa nje."

Ningeweza kusema ni baridi. Lilikuwa neno moja tu.

"Jumanne nilimpeleka kwa Domina," nikasema. "Nilikwenda Sterling na Festus."

"Kwa saa ngapi?"

"Kumi na moja. Alikataa chupa. Domina alijitahidi, si kosa lake."

"Jioni nilikuuliza mlishindaje."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nini?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Akamfunga mtoto nguo, kifungo kimoja kimoja, akamwinua amlaze begani. Cherono akajikunja upande wangu. Akanyoosha mikono na kulia, mwili wote unanitafuta mimi. Mama yake akambadilisha bega. Akalia zaidi. Wazee wawili kwenye viti vya magurudumu walikuwa wanatuangalia, na yule wa mapokezi alijifanya anapanga kalamu.

Jepkosgei akanirudishia mtoto. Akanyamaza hapo hapo, huyo mtoto. Ningempa kitu chochote alie kidogo tu.

"Nina watu kumi na wanane," mke wangu akasema. "Kuna chumba cha chakula cha wafanyakazi, mwisho wa korido. Kuna maji ya moto ya chupa." Akaondoka. Alipofika kona alisimama, mkono umeshika ukuta, kisha akaendelea.

Tumelala viti viwili mpaka leo mchana, gari la meneja lilipotuleta sote nyumbani. Umeme umerudi. Hatujazungumza. Kiwiko kimevimba; alinifunga bendeji vizuri sana, kama angemfunga mtu yeyote.

Jumatano, 20 Januari

Tumetembea. Hatujazungumza.

Alhamisi, 21 Januari

Tumetembea. Ameniuliza kama unga umebaki. Umebaki.

Jumapili, 24 Januari

Nimekuwa nafua nguo chini, kwenye mashine za jengo. Katika mfuko wa yunifomu ya Jepkosgei nimekuta karatasi, nusura zifuliwe. Ni zile za daktari, za Desemba. Nilidhani zilibaki kliniki. Zimekunjwa mara nne, zimechanika kwenye mikunjo, zina alama za vidole vya mafuta. Mwandiko wangu: amelia saa sita hadi saa saba na robo, amelala nje saa tisa hadi saa kumi.

Nikapanda nazo. "Unazifanyia nini hizi?"

Alikuwa anamenya viazi. "Nazisoma saa ya chakula."

"Zote ni za Desemba."

"Hukuniandikia nyingine."

Akaendelea kumenya. Nilisimama pale na kapu la nguo. Miezi yote hii nimekuwa nikimhesabia yeye bahati: anatoka, anavaa yunifomu, anaitwa kwa cheo. Sikuwahi kufikiria anakula nini huko saa ya chakula, na akiangalia nini.

Usiku nimemwandikia ya Januari yote, ninayokumbuka. Nimeandika na ya tarehe kumi na mbili.

Jumamosi, 6 Februari

Jepkosgei amesema leo atamtembeza yeye. Siku nzuri, jua, hata theluji hakuna. Nikamwonyesha jinsi ya kuzuia gurudumu. Nikamwambia apite njia ya ziwani, si barabara kuu, asisimame kwenye taa, akisimama tu mtoto anaamka. "Baba Cherono," akasema, "nimesikia."

Nilisikia kilio kikishuka ngazi, kikatoka mlangoni, kikaenda mpaka kona. Hakikuacha. Baada ya dakika kumi na mbili kilikuwa kinarudi. Akaingia, akaniwekea mtoto mikononi, akaingia bafuni akafungulia maji.

Cherono alinyamaza kabla sijafunga zipu ya koti.

Nitaandika ukweli, maana hili daftari halisomwi na mtu. Nilifurahi. Mimi ambaye tangu Desemba nalalamika kila asubuhi, nilisimama pale nikisikiliza maji ya bafuni na moyoni nikasema, umeona? Dakika nzima nilifurahi. Halafu nikaona aibu, nikaenda matembezi, na aibu ikaja nayo.

Jumatano, 17 Februari

Siku hizi ndani halii sana. Daktari alisema kweli. Lakini usingizi wa mchana ni wa nje tu, na akiwa na mimi tu. Bi Zaria alitukuta ziwani na mama yake, wamefungana mkono kwa mkanda. Bibi akamchungulia Cherono muda mrefu. "Huyu si wangu," akasema kwa Kiingereza, kwa utulivu. Bi Zaria akageuka akawa anatazama mabata bukini.

Jumanne, 2 Machi

Upepo. Mara mbili nje. Kofia imeruka ikaingia mtoni, basi, nimechoka nayo.

Ijumaa, 5 Machi

Kibali kimekuja!

Kilikuwa katikati ya matangazo. Niliifungua barua kwenye ngazi, nikaisoma mara tatu, nikakaa chini. Cherono alikuwa anatafuna kamba ya koti langu.

Festus amezungumza na bosi wake, naanza tarehe kumi na tano, kwa jina langu na karatasi zangu. Jepkosgei ameomba zamu za jioni. Asubuhi hadi alasiri mtoto atakuwa na yeye, nitarudi, atatoka. Tutapeana mtoto mlangoni kama watu wanaopokezana zamu.

Nimengoja siku hii mwaka na miezi minne. Nimekula chakula cha jioni bila kusikia ladha.

Jumanne, 9 Machi

Theluji, inafika magotini. Redio ilisema ingekuwa kidogo. Jepkosgei hakwenda kazini. Akataka kumtoa mtoto kwenye theluji, mimi nikasema kigari hakitapita, ambebe kifuani, leso ipite chini ya makalio, kichwa kiwe upande wa kushoto, na asimwimbie, akiimbiwa anaamka, na...

"Usinifundishe mtoto wangu!"

Ilikuwa kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele, hata siku ya uzazi. Cherono akaruka.

"Umemtembeza wewe," akasema. "Najua. Miezi mitatu kila siku, mimi nikiwa nageuza wazee wa watu vitandani. Nakushukuru. Lakini ukinisimamia hivi, Elkanah, sitaweza kamwe. Atakuwa anakuangalia wewe."

Aliniita kwa jina langu. Nikaenda jikoni. Hawakutoka siku hiyo, hakuna aliyetoka.

Jumamosi, 13 Machi

Theluji imebaki vilima vichafu kwenye uwanja wa magari. Keshokutwa naanza kazi.

Saa tatu asubuhi Jepkosgei akamvisha. Nilikaa mezani nikashika kikombe kwa mikono miwili. Alimfunga kifuani kwa namna yake, juu sana, naona, na leso imepita mahali ambapo mimi sipitishi. Sikusema. Cherono akanitazama juu ya bega la mama yake, akaanza.

"Tunakwenda," Jepkosgei akasema.

"Haya."

Kilio kikashuka ngazi. Kikafika kona. Nikangoja kirudi. Niliangalia saa: dakika kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Nilivaa koti, nikavua. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Dakika ishirini na tano nilikuwa dirishani, na sikuona kitu ila Bi Zaria akikwangua kioo cha gari. Akanipungia mkono. Nilitaka kufungua dirisha nimuulize kama amewaona. Nikashika komeo, nikaliacha.

Saa nzima na dakika arobaini.

Nilisikia hatua kwenye ngazi, polepole, za mtu anayebeba kitu asichotaka kimwagike. Nikafungua mlango kabla hajatafuta ufunguo. Alikuwa na matope mpaka kwenye vigimbi vya miguu, pua imemwiva kwa baridi. Cherono alikuwa amelala kifuani mwake, mdomo wazi, shavu limebanwa kwenye kifungo cha koti.

Jepkosgei hakuingia ndani. Alisimama pale pale kizingitini akiogopa kumwamsha.

"Alilia mpaka darajani," akanong'ona. "Halafu akanyamaza. Nimeendelea tu kutembea, sikuthubutu kusimama. Sijui ni mimi, au alichoka tu."

"Ni wewe," nikasema.

Sijui. Sikuwapo.